REDIRECT, TPROXY au kiraka cha kerneli: proksi isiyoonekana ipi inafaa mtandao wako?

Msimamizi wa mtandao wa chuo, shule au ofisi hapa Dodoma hufika wakati akataka maombi yote ya wavuti yapite kwenye proksi moja, yaani seva ya kati inayoziendea tovuti kwa niaba ya watumiaji, bila kumtaka kila mwenye simu au kompyuta aingize anwani ya proksi hiyo kwenye kifaa chake. Pale ambapo wanafunzi huja na simu zao wenyewe, kuingiza anwani kwa mkono hakutekelezeki. Ndipo linapokuja suala la proksi isiyoonekana, ile inayoyapokea mawasiliano njiani huku kifaa cha mtumiaji kikidhani kwamba kinazungumza moja kwa moja na tovuti kiliyoiita. Kwenye Linux kazi hiyo haifanywi na proksi peke yake. Kerneli, ambayo ndiyo kiini cha mfumo endeshi, lazima ikubali kuikabidhi proksi pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, ambazo hazikutumwa kwake.

Anayetafuta maelekezo hukutana na njia tatu zilizochanganywa pamoja: kanuni ya REDIRECT, inayobadilisha anwani iliyo kwenye pakiti, kanuni ya TPROXY, inayoikabidhi proksi pakiti bila kuibadilisha, na maelekezo ya zamani yanayotaka upakue kiraka, yaani faili la mabadiliko ya msimbo, ukipachike kwenye msimbo chanzo wa kerneli, kisha uiunde kerneli upya. Ulinganisho huu unamlenga anayepaswa kuchagua sasa, akiwa na seva moja ya Debian au Ubuntu na ruta moja kwenye lango la mtandao wake. Msimamo wangu ni kwamba mitandao mingi ya hapa kwetu inatoshelezwa na REDIRECT, michache inahitaji TPROXY, na kiraka kinahitajika mara chache mno kiasi kwamba anayekichagua anapaswa kuwa na sababu anayoweza kuiandika kwenye karatasi.

Kiraka kilitoka wapi

Kerneli ya Linux ya 2.2 ilikuwa na uwezo wake wa kuendesha proksi isiyoonekana, uliowashwa kwa chaguo maalumu wakati wa kuiunda kerneli. Toleo la 2.4 lilipotoka mwaka 2001 likiwa na mfumo mpya wa kuchuja pakiti uitwao netfilter, uwezo huo haukurudi kwa ukamilifu. REDIRECT ilikuwapo, lakini uwezo wa proksi kutoka nje kwa kutumia anwani ya mteja wake haukuwapo. Kampuni ya Balabit ya Hungaria, iliyokuwa ikitengeneza fayawoli ya Zorp, iliziba pengo hilo kwa viraka ilivyovitunza yenyewe nje ya kerneli rasmi. Kwa miaka kadhaa aliyetaka TPROXY hakuwa na njia nyingine ila kupachika viraka hivyo, na proksi ya Squid katika matoleo yake ya 2.6 iliandikwa kuvitegemea.

Baadaye TPROXY iliandikwa upya bila kuegemea tafsiri ya anwani, yaani NAT, na muundo huo mpya ukaingizwa kwenye kerneli rasmi ya 2.6.28 mwezi Desemba mwaka 2008. Squid ikaufuata kuanzia toleo la 3.1. Msaada wa IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, uliongezwa kwenye 2.6.37, na kwa wanaotumia nftables badala ya iptables, ambazo zote ni zana za kuandika kanuni za fayawoli, kanuni ya tproxy inapatikana tangu kerneli ya 4.19. Kwa hiyo seva yenye Debian 12, ambayo hutumia kerneli ya 6.1, ina kila kitu ambacho viraka vile vilikusudiwa kuleta. Maelekezo yanayokutaka upachike kiraka cha TPROXY kwenye seva ya namna hiyo yamepitwa na wakati, na ukiyafuata kiraka chenyewe kitakataa kuingia kwa sababu msimbo kinaoutafuta haupo tena.

Kabla ya kuamua lolote, iulize mashine yenyewe:

grep -E 'TPROXY|MATCH_SOCKET' /boot/config-$(uname -r)

Ukiona CONFIG_NETFILTER_XT_TARGET_TPROXY=m na CONFIG_NETFILTER_XT_MATCH_SOCKET=m, uwezo upo kama moduli na hakuna cha kuunda upya. Ukiona maneno «is not set», uwezo umo kwenye msimbo chanzo ila aliyeiunda kerneli hiyo hakuuwasha. Hapo unachohitaji ni kerneli ile ile iliyoundwa kwa chaguo hilo likiwa limewashwa, jambo ambalo watu wengi hulichukulia kuwa sawa na kupachika kiraka, ilhali mzigo wake wa baadaye ni mdogo zaidi.

REDIRECT: inayoandika upya anwani

Chukua simu ya mwanafunzi yenye anwani 10.20.4.17 inayoiita tovuti iliyoko 203.0.113.80 kwenye poti ya 80. Pakiti ya kwanza inapofika kwenye seva ya proksi, REDIRECT huifuta anwani ya mwisho wa safari na kuandika anwani ya seva yenyewe pamoja na poti ya Squid, tuseme 3129. Kerneli huitunza anwani ya awali kwenye jedwali lake la kufuatilia miunganisho, na Squid huiuliza kerneli kwa njia ya SO_ORIGINAL_DST kwamba huyu mteja alikuwa anakwenda wapi. Kisha Squid hufungua muunganisho wake mpya kwenda kwenye tovuti kwa kutumia anwani yake mwenyewe, na majibu humrudia bila utata wowote.

Urahisi huo ndio nguvu ya njia hii. Kanuni moja kwenye jedwali la nat na neno «intercept» kwenye mstari wa http_port wa Squid vinatosha kuianzisha. Nyongeza moja isiyopaswa kuachwa ni kanuni ya kuzuia mtu yeyote asiigonge poti ya 3129 moja kwa moja kutoka kwenye mtandao, kwa sababu ombi linaloingia kwa mlango huo huweza kuifanya proksi ijiite yenyewe tena na tena.

Sharti kubwa la REDIRECT ni kwamba tafsiri ya anwani ifanyike kwenye mashine ile ile yenye proksi. Ofisi nyingi zina ruta ya MikroTik mlangoni, na kishawishi ni kuandika kanuni ya dst-nat kwenye ruta hiyo ili ielekeze poti ya 80 kwenye Squid. Ukifanya hivyo, anwani ya awali inabaki kwenye kumbukumbu ya ruta, nayo Squid haina namna ya kuiuliza ruta. Tangu toleo la 3.2, Squid hulinganisha jina la tovuti lililo ndani ya ombi na anwani ambayo pakiti ilikuwa ikielekea, ili kuzuia udanganyifu, na hapo kila ombi litaonekana kuwa la kutiliwa shaka. Njia sahihi ni kuiambia ruta izitie alama pakiti za poti ya 80 na kuzipeleka kwenye seva ya proksi kama hatua inayofuata ya safari, bila kuigusa anwani iliyomo, kisha REDIRECT ifanyike kwenye Linux.

Upungufu wake ni huu: kwa dunia ya nje, na kwa kifaa chochote kilicho kati ya proksi na lango, watumiaji wote wana anwani moja tu, ile ya proksi. Mbali na hilo, REDIRECT kwa vitendo ni ya TCP pekee, itifaki inayofungua muunganisho kwanza, kwa sababu UDP, inayotuma pakiti bila kufungua muunganisho, haina namna ya kuiuliza kerneli anwani ya awali. Vilevile kila muunganisho lazima uingie kwenye jedwali la ufuatiliaji, na jedwali hilo likijaa kerneli huandika «nf_conntrack: table full, dropping packet» na kuanza kuzitupa pakiti. Kwenye bweni lenye watumiaji wengi jioni, ujumbe huo ni wa kuutafuta kwanza kabla ya kumlaumu mtoa huduma.

TPROXY: isiyoigusa pakiti

TPROXY haiandiki chochote upya. Pakiti ile ile ya 10.20.4.17 kwenda 203.0.113.80 hufika ikiwa na anwani zake zote, na kerneli huikabidhi kwa soketi ya Squid, yaani mlango ambao programu hupokelea mawasiliano, ingawa anwani 203.0.113.80 si ya mashine hiyo. Ili hilo liwezekane, Squid lazima iifungue soketi yake kwa sifa ya IP_TRANSPARENT, ambayo hairuhusiwi kwa programu ya kawaida bali kwa yenye mamlaka ya CAP_NET_ADMIN au CAP_NET_RAW. Squid huyatunza mamlaka hayo kupitia maktaba ya libcap, na Squid iliyoundwa bila maktaba hiyo haitaweza kazi hii hata kama kerneli iko tayari.

Mpangilio wa chini kabisa ni huu:

ip rule add fwmark 1 lookup 100
ip route add local 0.0.0.0/0 dev lo table 100
iptables -t mangle -N DIVERT
iptables -t mangle -A DIVERT -j MARK --set-mark 1
iptables -t mangle -A DIVERT -j ACCEPT
iptables -t mangle -A PREROUTING -p tcp -m socket -j DIVERT
iptables -t mangle -A PREROUTING -p tcp --dport 80 -j TPROXY --tproxy-mark 0x1/0x1 --on-port 3129

Mistari miwili ya kwanza ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo yenye maana kubwa zaidi. Inaiambia kerneli kwamba pakiti yoyote yenye alama 1 ihesabiwe kuwa imefika nyumbani, hata kama anwani yake ni ya ng'ambo. Bila mistari hiyo kanuni ya TPROXY itahesabu pakiti vizuri kabisa kwenye takwimu za iptables, lakini Squid haitapokea hata moja. Kumbuka pia kwamba mistari ya ip hupotea mashine inapozimika, tofauti na kanuni za fayawoli ulizozihifadhi. Umeme ukikatika usiku na seva ikajiwasha yenyewe asubuhi, utakuta nusu ya mpangilio ipo na nusu haipo, kwa hiyo uiweke kwenye faili la mipangilio ya mtandao siku ile ile unapoujaribu.

Kikwazo kingine ni rp_filter, kinga ya kerneli dhidi ya pakiti zenye anwani za kughushi, ambayo huweza kuzitupa pakiti hizi kimya kimya. Kuizima kwenye kadi moja hakutoshi ikiwa thamani ya «all» imebaki 1, kwa sababu kerneli hutumia ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili.

Faida inayowavuta watu ni kwamba Squid, ikitoka nje kwenda kwenye tovuti, inaweza kutumia anwani ya mteja. Kwa hiyo lango la mtandao linaendelea kumwona 10.20.4.17 kama 10.20.4.17, na mgawanyo wa kasi kwa kila mtumiaji, unaofanywa na ruta, unaendelea kufanya kazi kana kwamba proksi haipo. Gharama ya faida hiyo iko kwenye njia ya kurudi. Jibu kutoka kwenye tovuti limeandikiwa 10.20.4.17, na lango likimjua mwenye anwani hiyo litalipeleka moja kwa moja kwake badala ya kulirudisha kwenye proksi. Simu ya mwanafunzi, ambayo haijui chochote kuhusu muunganisho huo ambao Squid iliuanzisha kwa jina lake, italikataa. TPROXY basi inadai proksi iwe katikati ya njia pande zote mbili, ama kwa kuwa lango lenyewe, ama kwa kuilazimisha ruta izirudishe kwake pakiti zitokazo poti ya 80 pia. Chuo chenye majengo yaliyotawanyika, lango zaidi ya moja na viungo vya redio kati ya kampasi kinapaswa kuchora njia hizo kwenye karatasi kabla ya kugusa seva.

Je, anwani ya mteja ina faida kwako?

Hili ndilo swali ninalolipa uzito kuliko mengine, kwa sababu ndilo linaloamua, na maelekezo mengi hulipita. Karibu kila ofisi na shule ninayoifikiria katika kanda hii ya kati hutumia anwani za ndani, zinazoanza na 192.168 au 10, na lango huzibadilisha zote kuwa anwani moja ya mtoa huduma. Katika mtandao wa namna hiyo tovuti ya nje haitaiona anwani ya mwanafunzi kamwe, uwe umechagua REDIRECT au TPROXY. Kwa nje hakuna kilichoongezeka.

Kilichobaki ni faida ya ndani, yaani kuwepo kwa kifaa kati ya proksi na lango kinachohitaji kuwatofautisha watumiaji, kama ruta inayogawa kasi au mashine inayopima matumizi ya kila idara. Ikiwa kifaa hicho hakipo, au kama mgawanyo wa kasi unaweza kuhamishiwa upande wa watumiaji, yaani kabla ya kufika kwenye proksi, TPROXY inakuletea kazi bila malipo. Kumbukumbu za nani alifungua nini si sababu ya kuichagua, kwa sababu Squid huandika anwani ya mteja kwenye kumbukumbu zake kwa njia zote mbili. Kumbukumbu hizo nazo ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaihusu taasisi inayozikusanya, na watumiaji wanastahili kuelezwa kwamba mawasiliano yao yanapita mahali hapo.

Hali hubadilika kabisa kwa taasisi yenye anwani zake za umma au iliyoanza kutumia IPv6. Hapo anwani ya mtumiaji hufika hadi kwenye tovuti, na maktaba za majarida ya kitaaluma zinazofungua milango kwa kuangalia anwani zitamtambua kila mtu ipasavyo. Tena ukikutana na tovuti inayofungia anwani yenye maombi mengi mno, REDIRECT itawafungia wote kwa kosa la mmoja, ilhali TPROXY itamfungia mmoja. Kwa taasisi kama hiyo ningechagua TPROXY bila kusita, mradi njia ya kurudi imehakikishwa.

Proksi inapozimika

Tofauti hii huonekana siku Squid imekufa na kanuni zimebaki. Kwa REDIRECT, pakiti hufika kwenye poti isiyo na msikilizaji, na kerneli hujibu mara moja kwa kukataa, hivyo kivinjari kinaonyesha kosa papo hapo. Kwa TPROXY ya iptables, pakiti isiyopata soketi hutupwa kimya, na mtumiaji huangalia duara likizunguka hadi muda uishe, kisha anaripoti kwamba intaneti iko taratibu, ripoti inayompeleka fundi mahali pasipo. Kanuni ya tproxy ya nftables hutenda tofauti: isipopata soketi, huacha kuisoma kanuni hiyo na pakiti huendelea na safari yake. Kama alama inawekwa baada ya neno tproxy katika kanuni ile ile, haitawekwa, na mtumiaji atafika kwenye tovuti bila proksi. Kwa shule inayotaka huduma isikatike, tabia hiyo ni sababu ya kutosha ya kuhamia nftables. Kwa mahali ambapo proksi imewekwa ili kuzuia maudhui fulani yasiwafikie watoto, tabia hiyo hiyo ni tundu la kuzibwa kwa kanuni ya kukataa inayofuata.

HTTPS na QUIC

Hakuna kati ya njia hizi inayofungua mawasiliano yaliyosimbwa. Sehemu kubwa ya wavuti leo iko kwenye poti ya 443, na proksi isiyoonekana inaweza tu kulisoma jina la tovuti mwanzoni mwa muunganisho, pale ambapo halijafichwa, kisha kuuruhusu au kuukata. Squid ina uwezo huo tangu toleo la 3.5. Anayetarajia kuokoa kifurushi kwa kuhifadhi nakala za kurasa, kama ilivyowezekana zamani, apunguze matarajio, kwa kuwa akiba hiyo sasa hufanya kazi kwa yale machache yanayosafiri bila kusimbwa, kama vifurushi vya masasisho ya Debian na Ubuntu kwenye maabara.

HTTP/3 hutumia itifaki ya QUIC, ambayo hupita kwenye UDP ya poti 443. REDIRECT haiwezi kuishughulikia, na ingawa TPROXY inaweza kuikabidhi UDP kwa programu, Squid haizungumzi lugha hiyo. Izuie UDP 443 kwenye lango, na vivinjari vitarudi kwenye TCP vyenyewe.

Kerneli ya kujiundia

Kuna mahali pawili ambapo bado kuna sababu ya kuunda kerneli. Pa kwanza ni kwenye vibao vidogo na vifaa vilivyokuja na kerneli ya mtengenezaji, ambamo TPROXY haikuwashwa. Hapo pata msimbo chanzo wa toleo lile lile, washa chaguo mbili tulizoziona, uunde. Kama kifaa kinaendesha OpenWrt, usiunde chochote. Sakinisha kifurushi cha kmod-ipt-tproxy au kmod-nft-tproxy kulingana na fayawoli unayotumia, ukihakikisha kinatoka kwenye toleo lile lile la mfumo, kwa kuwa moduli isiyolingana na kerneli yake haipakiki. RouterOS ya MikroTik haikuruhusu kupakia moduli zako, hivyo iachie kazi ya kuelekeza pakiti pekee.

Pa pili ni pale unapotaka tabia ambayo kerneli haina kabisa, na hapo kiraka cha kweli kinahusika. Hata hivyo tangu mwaka 2020 kerneli za 5.7 na 5.9 zimeleta uwezo wa eBPF, yaani njia ya kuendesha programu ndogo ndani ya kerneli, wa kuikabidhi pakiti kwa soketi unayoichagua kwa programu inayopakiwa wakati mashine inaendelea na kazi. Mengi yaliyohitaji kiraka zamani sasa yanaandikwa hivyo bila kuigusa kerneli. Kwa upande wa FreeBSD, ambako kanuni ya fwd ya ipfw iliwahi kudai kerneli iundwe upya kwa chaguo la IPFIREWALL_FORWARD, sharti hilo liliondolewa kufikia toleo la 10.

Bei ya kiraka hailipwi siku ya kukipachika. Inalipwa kila mara Debian inapotoa sasisho la usalama la kerneli, kwa kuwa sasisho hilo halikuhusu wewe uliyejiundia yako. Lazima upakue msimbo mpya, ukipachike kiraka tena, uangalie ni mistari ipi imehama, uunde, na pale ambapo Secure Boot, kinga inayokataa kuwasha kerneli isiyo na saini, imewashwa utie saini kwa ufunguo wako. Taasisi zetu huhamisha watumishi, na anayekuja baada yako hukuta seva yenye kerneli ambayo hakuna amri ya apt itakayoisasisha, naye huiacha ilivyo kwa kuogopa kuivunja. Seva iliyo mlangoni pa mtandao mzima haipaswi kubaki na tundu linalojulikana kwa sababu ya hofu hiyo. Kama bado umelazimika, weka kiraka chenyewe, faili la .config na amri zote ulizotumia kwenye hazina ya Git ya taasisi, wala si kwenye kompyuta yako, na uiache kerneli ya kawaida ya Debian kwenye menyu ya kuwasha mashine, pamoja na kanuni za REDIRECT zilizokwisha kujaribiwa juu yake.